Siri Iliyo Chini ya Kigae

Msomaji, ukiingia katika zahanati mpya, au katika jiko la shule iliyojengwa miaka hii, tazama chini penye miguu yako. Utaona vigae vimepangwa safu kwa safu, na maungo yao yamenyoka kama mistari ya daftari. Sasa chukua sarafu, ugonge kigae kimoja polepole, kisha kingine. Vingi vitatoa sauti nzito, kana kwamba wagonga mwamba. Kimojawapo labda kitatoa sauti tupu kama ya kibuyu. Kile cha sauti tupu hakikulala vema juu ya saruji. Chini yake mna uwazi, na siku moja mguu wa meza au ndoo ya maji itakipasua. Uso wake waweza kuwa safi kuliko nyuso za vigae vyote, nao hausemi lolote. Kazi ya fundi wa vigae imo chini, mahali asipopaona mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo ufundi huu tangu zamani umekuwa na swali gumu: mtu hufunzwaje jambo lisiloonekana? Kigae kilichokwisha kulazwa hakimfundishi mtazamaji. Ni lazima mwenye kujua akubali, kwa hiari yake, kumwonyesha asiyejua kabla saruji haijafunikwa. Na historia yatuonyesha kwamba wenye kujua hawakukubali sikuzote. Insha hii yaeleza jinsi elimu ya vigae ilivyofungwa katika nyumba za watu wachache, jinsi ilivyopotea mahali pengine, na jinsi ilivyofika katika vyuo ambamo kijana wa Kenya leo aweza kuandikisha jina lake na kuanza masomo.

Tuanzie Uajemi, katika mji wa Kashan. Katika karne ya 13 mji huo ulisifika kwa vigae vya ukutani vilivyong'aa kama dhahabu, hata Waajemi mpaka leo hukiita kigae kashi, kwa kuukumbuka mji huo. Vigae hivyo vilipamba misikiti na makaburi ya watu watukufu katika miji mingi. Waliovifanya hawakuwa wengi. Nyumba moja mashuhuri ilikuwa ya Abu Tahir, na ufundi ulishuka humo kutoka kwa baba hata kwa mwana kwa vizazi 4. Mtoto alizaliwa karibu na tanuri, akakua akisaga mawe, na siku ilipowadia baba alimnong'oneza vipimo. Mtu wa nje aliweza kununua kigae. Hakuweza kununua mnong'ono ule.

Walakini katika nyumba hiyo hiyo alitokea mtoto mmoja aliyekwenda njia nyingine. Jina lake lilikuwa Abu'l-Qasim. Ndugu yake Yusuf alibaki penye tanuri. Yeye akashika kalamu, akawa mwandishi wa historia katika baraza la wafalme wa Kimongolia waliotawala Uajemi. Mwaka 1301 alimaliza kitabu juu ya mawe ya thamani na manukato, na mwishoni mwake akaongeza sura ambayo hakuna aliyeitazamia: sura ya siri za nyumba yao. Alitaja kila jiwe na mahali linapochimbwa, na rangi ya samawati iliyotoka Qamsar karibu na Kashan. Alitaja na vipimo vya udongo wao: mafungu 10 ya unga wa jiwe jeupe, fungu 1 la kioo kilichosagwa, na fungu 1 la udongo mweupe mwororo. Lililokuwa mnongʼono likawa maandishi.

Haukupita muda mrefu kabla kazi ya vigae vya dhahabu haijafifia katika Kashan, na kufikia katikati ya karne ya 14 ilikuwa imekwisha. Matanuri yalizimika, na mafundi hawakuacha warithi. Hata hivyo wataalamu wa leo wanapotaka kujua vigae vile vilifanywaje, hawaanzi na giza tupu. Wanaanza na sura ile ya Abu'l-Qasim. Mtu mmoja aliyefungua mdomo ameokoa kazi ya wengi walioufumba.

Mahali ambapo hakutokea mtu wa namna hiyo, hasara ilikuwa kubwa zaidi. Katika Uingereza ya karne ya 13 palikuwa na mafundi waliofanya vigae vya sakafu vya rangi mbili kwa ajili ya makanisa na nyumba za watawa. Fundi alichukua udongo mwekundu uliokuwa bado mbichi, akaupiga muhuri wa mbao ili uache shimo la picha: simba, ua, au mfalme katika kiti chake. Shimo lile alilijaza udongo mweupe, kisha akatia kigae tanurini. Picha haikuwa rangi iliyopakwa juu. Ilikuwa mwilini mwa kigae, hata nyayo za watu hazikuweza kuifuta upesi. Sakafu ya namna hiyo iliyolazwa katika miaka ya 1250 ingalipo mpaka leo katika jengo la Westminster Abbey, jijini London.

Baina ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa. Wanunuzi wakubwa wa vigae wakatoweka, na mafundi nao wakatawanyika. Wazee walikufa, vijana hawakufunzwa, na elimu ile ikafa pamoja nao. Kwa miaka karibu 300 Waingereza waliendelea kutembea juu ya vigae ambavyo hakuna miongoni mwao aliyeweza kuvifanya. Yafaa tulifikirie jambo hili. Vigae vilikuwapo, kila mtu akiviona. Aliyetaka aliweza kukichimbua kimoja, akakigeuza na kukipima. Lakini kigae hakikuweza kusema jinsi kilivyozaliwa.

Mwaka 1830 mfinyanzi mmoja, Samuel Wright, alijipatia hati ya serikali ya kulinda njia yake ya kufanya tena vigae vya namna ile. Baadaye Herbert Minton, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, alichukua haki ya kuitumia. Vigae vyao vya kwanza viliharibika kwa wingi, kwa sababu udongo mwekundu na udongo mweupe havinywei sawasawa vinapokauka: mmoja hukimbilia kusinyaa, mwingine huchelewa, na picha ikachomoka au ikapasuka. Majaribio yalichukua miaka. Mwishowe walifaulu, na vigae vya Minton vikalazwa katika jengo jipya la Bunge la Uingereza. Lile ambalo fundi wa zamani angaliweza kumwambia mwanagenzi wake kwa maneno machache, mwenye kiwanda alilinunua kwa miaka ya hasara.

Labda utauliza: je, hawakuwa na utaratibu wa kufundishana? Walikuwa nao, lakini ulikuwa na mlango mwembamba. Mafundi wa vigae vya mapaa na waashi wa matofali wa London walikuwa na chama chao, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1568. Sheria ya mwaka 1563 ilisema kwamba uanagenzi uwe wa miaka 7. Kijana alifungwa kwa mkataba, akakaa nyumbani mwa bwana wake, akala chakula chake na kumtumikia. Na asiyepitia mlango huo hakuruhusiwa kushika kazi mjini. Chama kiliwalinda watu na kazi mbovu, hilo ni kweli. Kadhalika kiliwalinda wenye chama na wenzao waliobaki nje. Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza London, na mafundi wa chama hawakutosha kuujenga upya mji mzima. Ikabidi sheria iwaruhusu mafundi wa kutoka mashambani na miji mingine kuja kujenga. Moto ulifungua mlango ambao maombi ya watu hayakuufungua.

Hata hivyo shule hasa za ufundi zilichelewa. Mwaka 1878 Baraza la Jiji la London pamoja na baadhi ya vyama hivyo vya kale viliunda taasisi ya City and Guilds, kusudi ipange masomo na mitihani ya ufundi. Neno jipya lilikuwa mtihani. Zamani fundi alikuwa fundi kwa sababu bwana wake alisema hivyo. Sasa mtu asiyemjua kabisa aliweza kuikagua kazi yake, akampa cheti kwa kadiri ya kazi hiyo. Ikumbuke taasisi hiyo, msomaji, kwani mitihani yake ilivuka bahari ikafika katika vyuo vya ufundi vya Kenya.

Na pwani yetu je? Ingekuwa kosa kudhani kwamba sisi tulingoja wageni watufundishe kupamba kuta na kulaza sakafu. Vyombo vya udongo vyenye kung'aa vililetwa na majahazi kutoka Uajemi, na baadaye bakuli za kauri kutoka Uchina, na waashi wa Kiswahili waliziona, wakabuni matumizi yao wenyewe. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, pana kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ndani ya chokaa. Katika magofu ya Gedi, yaliyoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, kibla ya msikiti mkuu ilipambwa kwa njia hiyo hiyo. Kupachika bakuli ya duara katika ukuta ulionyoka si kazi ya mtoto. Chokaa ikiwa nyepesi bakuli huanguka. Ikiwa nzito hushika upesi, nayo bakuli hukaa upande. Fundi yule alikuwa na elimu ile ile tuliyoisema: kujua kilicho nyuma ya uso.

Sakafu zetu nazo zilikuwa na ufundi wake. Neno lenyewe sakafu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Si ajabu, maana katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja paa bapa na sakafu ya ghorofa vilikuwa kazi moja. Fundi alipanga boriti za mikoko, juu yake akaweka mawe ya matumbawe, na juu ya mawe akamwaga mchanganyiko wa chokaa, mchanga na kokoto. Kisha watu walisimama safu kwa safu wakaupiga mchanganyiko ule kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Kupiga huko kulitoa hewa na maji, mpaka sakafu ikawa ngumu. Nyimbo hazikuwa za kujifurahisha tu. Ndizo zilizokuwa saa na kipimo cha kazi. Aliyeacha kupiga mapema, mvua ya masika ilimshitaki mbele ya mwenye nyumba.

Elimu hiyo nayo ilipokewa kwa kufuatana. Mtoto alimfuata baba yake au mjomba wake. Kwanza akachukua chokaa kichwani, baadaye akachochea tanuu, mwisho akapewa mwiko. Hapakuwa na cheti wala ada ya masomo. Hapakuwa vilevile na njia kwa mtoto asiye na mjomba fundi.

Kisha mambo yakageuka kwa haraka. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na miji ikaota kando yake. Wajenzi wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo waashi na maseremala hodari. Vigae vyekundu vya mapaa navyo vilitoka huko huko. Katika mji wa Mangalore, mwaka 1865, wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae vilivyokandwa kwa mashine, na vigae hivyo vilipakiwa merikebuni vikaletwa Afrika ya Mashariki. Ukitembea leo katika mitaa ya zamani ya Mombasa utaviona bado juu ya majumba.

Katika kazi hizo mpya Mwafrika aghalabu alikuwa kibarua. Alikoroga udongo na saruji, alipanda ngazi na karai kichwani, alishuka, akapanda tena. Fundi aliyemwamrisha alikuwa amefunzwa na baba yake, kwa desturi ile ile ya nyumba na ukoo tuliyoiona Kashan na Lamu, na ufundi wake aliuweka kwa ajili ya mwanawe. Kibarua aliweza kukoroga saruji miaka 10 bila kuonyeshwa jinsi ya kuvuta uzi. Hivyo mlango ulikuwa mwembamba tena, na safari hii rangi ya mtu ikaongezwa juu ya ukoo wake.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua huko Kabete, karibu na Nairobi, chuo cha kuwafundisha Waafrika kazi za mikono: uashi, useremala, uhunzi na nyinginezo. Humo kijana asiye na mjomba fundi aliweza kuingia katika karakana, akafunzwa kwa utaratibu, somo baada ya somo. Jambo hilo lilikuwa kubwa, wala haifai kulidharau. Lakini haifai vilevile kuficha nia yake. Serikali na walowezi walitaka mafundi wa bei nafuu, na mishahara ya nchi ilipangwa kwa rangi, hata Mwafrika mwenye kazi sawa na mwenzake hakupata malipo sawa. Mwaka huo huo wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika ya Mashariki ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na kazi za mikono.

Wazazi wengi waliposikia shauri hilo waliingiwa na mashaka. Walijiuliza mbona watoto wa watawala walifunzwa sheria na udaktari, na watoto wao wakapewa mwiko na jembe. Waliona kwamba kalamu ndiyo iliyokuwa njia ya kusema na mtawala, nao wakajenga shule zao wenyewe ili watoto wasome vitabu. Shaka yao ilikuwa na haki. Lakini iliacha nyuma kivuli ambacho bado hakijaondoka katika nyumba zetu: dhana ya kwamba mwenye kushika mwiko ni mtu aliyeshindwa kushika kalamu. Adui wa wazazi wale alikuwa ubaguzi uliotaka kumfungia mtu katika kazi moja. Mwiko wenyewe haukuwa na hatia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo viliongezeka. Mjini Mombasa ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, wakitoka sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki kuja kusoma ufundi. Mwaka 1966 iligeuzwa kuwa chuo cha ufundi cha Mombasa, kwa watu wote. Na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo cha Kabete nacho kimekua, na leo ni chuo cha kitaifa. Mwaka 1959 ilitungwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, iliyoupa uanagenzi mkataba unaojulikana mbele ya serikali. Mwaka 1964, nchi ikiwa huru, iliundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambayo imewafunza vijana wengi kazi za ujenzi. Na mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza swali la wazi: mtoto akimaliza shule ya msingi, kisha afanye nini? Jibu lililozaliwa lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo chini ya Katiba ya mwaka 2010 vimewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Mlango uliokuwa wa ukoo, kisha wa chama, kisha wa rangi, sasa ulifika karibu na kijiji.

Basi kijana akiingia leo kusomea kazi ya vigae, anafunzwa nini? Kwanza hufunzwa kutoharakisha. Sakafu ya zege iliyomwagwa jana haifai kulazwa vigae leo. Yapaswa kuachwa ikomae, na desturi ya wajenzi ni siku 28. Kisha husafishwa, hupimwa kwa pimamaji, na penye bonde hujazwa. Bafuni sakafu haifai kuwa sawa kabisa: sharti ielekee tundu la maji, ikishuka sentimita 1 au 2 kwa kila mita, la sivyo maji yatakaa na kuoza maungo.

Pili hufunzwa kupima. Vyumba vingi havina pembe za haki, ijapokuwa macho huamini kwamba vinazo. Fundi hutafuta katikati ya chumba, akavuta uzi, kisha uzi wa pili uukate wa kwanza. Ili ajue kwamba pembe ni ya haki, hupima mita 3 juu ya uzi mmoja na mita 4 juu ya mwingine. Baina ya alama hizo mbili pakiwa na mita 5 kamili, pembe ni sawa. Mwanafunzi wa sekondari atakumbuka kwamba jambo hili alilisoma darasani chini ya jina la Pythagoras, labda akauliza litamfaa wapi. Linafaa hapa, chini ya magoti ya fundi. Hesabu nayo haimwachi: chumba cha mita 4 kwa 3 kina mita 12 za mraba, kigae cha sentimita 30 kila upande hufunika mita 0.09 za mraba. Hivyo vyahitajika vigae 134, na fundi huongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na vitakavyovunjika, jumla 148. Asiyejua hesabu hiyo humpeleka mwenye nyumba dukani mara tatu, na mara ya tatu huenda rangi ya vigae isifanane.

Tatu hufunzwa tabia ya vitu. Kigae cha udongo wa kawaida hunywa maji. Kikilazwa kikavu juu ya saruji ya mchanga huinyonya, na saruji hufa kabla haijashika. Kwa hiyo huroweshwa kwanza. Kigae kigumu cha kauri karibu hakinywi kabisa. Huyo hataki maji bali gundi maalumu ya saruji. Gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno, mistari yake ikielekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutoka. Kisha mwalimu humwamuru mwanafunzi afanye jambo linalomshangaza: akiinue tena kigae alichokwisha kulaza. Hukigeuza wakautazama mgongo wake. Mgongo ukiwa umeshika gundi kote, vema. Ukiwa na mabaka makavu, kazi irudiwe. Hapo ndipo siri ya ufundi huu inapofunuliwa mchana, mbele ya darasa zima.

Yapo na mengine: kuacha nafasi ndogo kando ya ukuta ili sakafu ipate kutanuka kwa joto; kukata kigae kwa maji ili vumbi lake lisiingie mapafuni, kwani vumbi hilo huua polepole; kungoja siku nzima kabla ya kujaza maungo. Mwishoni upo mtihani wa ufundi wa serikali, ambao una madaraja 3: mtu huanza na la tatu, akapanda hata la kwanza. Mkaguzi huleta pimamaji lake, na huleta kidole chake cha kugonga.

Lakini vyuo haviwezi kujisifu peke yake. Wako mafundi wengi katika miji yetu ambao hawakupata kuingia chuoni hata siku moja. Walianza kama vibarua, wakatazama, wakauliza, wakavunja vigae vya watu na kukatwa mishahara, hatimaye wakajua. Nyumba walizozilaza hazina sauti tupu. Walakini mkandarasi mkubwa anapotaka vyeti, huwekwa kando, na kijana aliyetoka chuoni jana huchukua nafasi yao. Ni haki, basi, kwamba Kenya imeweka utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo kwa kazi yao na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao. Kuwanyima kungekuwa kujenga upya ukuta wa chama kile cha London, kwa matofali ya karatasi.

Na kijana wa chuoni naye ana la kujifunza kwao. Chuo chaweza kumpa sababu ya kila jambo. Hakiwezi kumpa magoti yaliyozoea, wala sikio linalotambua uwazi chini ya kigae kabla ya mkaguzi. Hayo hupatikana kwa kazi nyingi, na kwa unyenyekevu wa kuuliza. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika ufundi huu maneno hayo si mfano tu: hakuna sakafu iliyolazwa na mtu aliyesimama wima.

Huenda wewe unayesoma ukurasa huu utakuwa mwanasheria au mwalimu, au huenda utakuwa fundi. Siku hizi vigae vinachomwa hapa hapa nchini, katika Kaunti ya Kajiado, wala havingojei merikebu kutoka Mangalore. Na kila mji unaokua wahitaji watu wa kuvilaza. Ukichagua kazi hiyo, kumbuka kwamba unapokea kitu kilichopita katika mikono mingi iliyotaka kukifumba. Utakapokuwa umekijua, atakuja kijana mmoja na karai lake la saruji, atasimama nyuma yako akitazama. Mfundishe. Inua kigae, kigeuze, umwonyeshe mgongo wake.